Walitaka Maoni Tu

Wadi yetu inaitwa Wabera, na vijana wengi wa hapa Isiolo hawajui kama Wabera alikuwa mtu. Daudi Dabasso Wabera, DC wetu wa kwanza Mwafrika. Juni 1963 alipigwa risasi, akafa pamoja na Haji Galma Dida, chifu wa Waborana. Wote wawili walitaka NFD ibaki Kenya. Waliowaua wamelaaniwa sana, na ni haki yao. Lakini mimi nina ugomvi na sentensi moja.

Mwaka 1962 wajumbe wa NFD walifika London wakasema wazi: tunataka kujitenga, tujiunge na Somalia. Uingereza haikusema ndiyo, haikusema hapana. Iliunda tume ya watu wawili, Mnigeria na Mkanada, ikawatuma kuchunguza maoni ya wananchi kuhusu mustakabali wa eneo hilo. Soma tena. Maoni. Si kura, si uamuzi. Mtu anayekuomba maoni hajakuahidi hata maji ya kunywa. Sasa mwambie hivyo mzee aliyeacha ngamia zake akaenda barazani kuulizwa, "Mnataka nini?" Kwani mtu huulizwa anachotaka na mwenye nia ya kumnyima?

Desemba hiyohiyo tume ikaripoti kwamba sehemu kubwa ya NFD inataka kujitenga. Machi 1963 waziri wa makoloni, Duncan Sandys, akatangaza mkoa wa saba. Umeomba kuondoka, umepewa mkoa! Sisi wa Isiolo hata humo hatukuingia, tuliwekwa Mashariki.

Sisemi tungejitenga. Kulikuwa na wengi hapa, Wabera akiwa mmoja wao, wasiotaka kabisa, na mimi leo kitambulisho changu nakishika kwa mikono miwili. Ninachosema ni kwamba "hapana" ya 1962 ingekuwa chungu, lakini watu wangejua wanabishana na nini. Badala yake walipandishwa matumaini kwa lugha laini, kisha wakaangushwa. Na walipoanguka, waandishi wa ile sentensi walikuwa London. Wabera alikuwa hapa, njiani, ndani ya gari.

Baadaye maneno yaligeuzwa upande mwingine. Vita vikaitwa ushifta, yaani wizi tu. Hali ya hatari ikatangazwa Desemba 1963, na sheria zake zikatukalia hadi 1991. Mtoto aliyezaliwa chini yake alikuwa na watoto wake zilipoondolewa.

Na mchezo haujaisha. Juzi niliitwa kwenye kikao cha kushirikisha umma, kuhusu mradi ambao ramani yake ilikuwa tayari imebandikwa ukutani, kwa rangi. Tulisaini mahudhurio, tukapewa soda. Nikainua mkono: "Na tukikataa, itakuwaje?"

Afisa akaandika kitu, akatabasamu. "Asante sana, mama. Maoni yako tumeyachukua."