Leteni Dawa Aliyokunywa, Semeni Kweli



Usiku mmoja wa mvua mama mmoja alimleta binti yake hospitalini juu ya pikipiki. Binti alikuwa katika usingizi mzito, na pumzi yake ilikuja polepole. Tuliuliza, “Amekunywa nini?” Mama akajibu, “Ni malaria tu.” Tukapima malaria, hatukuiona. Tukauliza tena, akanyamaza. Saa nzima ikapita. Ndipo nyanya yake akafungua ncha ya kitenge, akatoa plaketi ya vidonge, nayo ilikuwa tupu. Binti yule alipona kwa neema ya Mungu. Lakini saa ile moja ingeweza kumwua.

Siku ya tatu nilimwuliza mama kwa upole, kwa nini alificha. Akasema, “Niliwaza labo itaona yenyewe. Tena niliogopa wazee wa kanisa.” Maneno hayo mawili nataka kuyajibu, maana si yeye peke yake anayewaza hivyo.

Kwanza, habari ya labo. Watu wengi hufikiri kwamba tukichukua mkojo au damu, mashine itasoma jina la kila dawa kama mtu asomavyo kitabu. Sivyo. Kipimo hujibu lile tu lililoulizwa. Vipimo vidogo vya mkojo hujua aina chache tu za dawa. Tramadoli, ambayo vijana wetu huitumia vibaya, hupita bila kuonekana katika kipimo cha kawaida cha dawa za jamii ya afyuni. Tena bangi yaweza kuonekana katika mkojo wa mtu aliyezoea kuivuta hata majuma kadhaa baada ya kuacha. Basi kuionekana kwake hakusemi kwamba ndiyo iliyomwangusha usiku huu. Mashine kubwa zenye kuchunguza dawa nyingi ziko mbali, na majibu yake hukawia. Pumzi ya mgonjwa haingoji majibu. Kwa hiyo munganga hutazama kwanza pumzi, moyo, sukari na macho ya mgonjwa, akaanza kazi mara moja. Na msaada wake mkubwa katika kazi hiyo ni neno la kweli kutoka kwa jamaa.

Je, kipimo ni bure? Hapana. Kumbukeni mambo ya Ituri, ambayo zamani ilikuwa ndani ya Jimbo la Orientale, na makao ya jimbo yakiwa hapa Kisangani. Tangu mwisho wa mwaka 2014 hata 2015, watu wengi huko, hasa watoto, walishikwa na ugonjwa wa ajabu: shingo zilipinda, nyuso zilikakamaa, ndimi zilitoka nje. Kwanza ilidhaniwa ni homa ya uti wa mgongo. Lakini vidonge walivyokuwa wamekunywa vilipochunguzwa, ukweli ulionekana. Vilikuwa vimeuzwa kwa jina la diazepamu, dawa ya kutuliza. Ndani yake mlikuwa na haloperidoli, dawa ya wagonjwa wa akili. Mwezi wa Julai 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo kwa nchi zote. Waona, ndugu? Jina lililoandikwa lilidanganya, lakini kidonge chenyewe kilishuhudia. Kama vidonge vile vingalitupwa chooni kwa aibu, nani angalijua?

Pili, habari ya aibu. Hospitali si baraza la hukumu. Kipimo cha mkojo ni kwa ajili ya kuponya, si kwa ajili ya polisi, wala kwa masengenyo ya kisimani. Nawaambia wazee na wadiakoni wenzangu kwa heshima: msije mlangoni kwetu kuuliza majibu ya labo ya mtu. Njoni kuomba pamoja naye. Nasi wauguzi tukiri kosa letu: mara nyingine twamkemea mgonjwa kabla ya kumshika mkono, na kwa ukali wetu twafundisha watu kusema uongo. Msichana aliyemeza vidonge kwa huzuni amekwisha kujihukumu mwenyewe. Hahitaji hakimu mwingine.

Basi, mtu wa nyumba yako akinywa dawa kupita kiasi, fanya hivi:

1. Mlete upesi, hata kama aonekana mzima. Aliyemeza parasetamoli nyingi aweza kutembea na kucheka siku ya kwanza, huku ini lake linaharibika. Dawa ya kumsaidia ipo, lakini yafaa zaidi ikitolewa katika saa 8 za kwanza.
2. Leta kopo, plaketi, na vidonge vilivyobaki, hata kama vilinunuliwa barabarani. Akitapika njiani, tuambie.
3. Sema ni dawa gani, ngapi, na saa gani. Kama kulikuwa na pombe au dawa ya kienyeji, sema pia.
4. Usimnyweshe mafuta ya mawese, maziwa wala maji ya sabuni, wala usimtapishe kwa nguvu. Vitu hivyo vyaweza kuingia katika mapafu.
5. Akilala usingizi mzito, mlaze kwa ubavu, nawe usimwache peke yake.

Yule Msamaria mwema hakumwuliza mtu aliyeanguka njiani kwa nini alipita njia ile. Alifunga jeraha kwanza. Nasi tufanye vivyo hivyo, wewe kwa kusema kweli, sisi kwa kuipokea bila kukemea. Leo, kabla ya kulala, waambie watu wa nyumba yako: “Hapa kwetu, mtu akikosea na dawa, aseme upesi. Hatapigwa.” Neno hilo laweza kuokoa mtoto wako kabla hajafika mlangoni kwetu.