Prosesa nane, lakini ngapi ziko kazini?

Siku hizi ukienda kununua simu Kasongo ama Kabambare, neno la kwanza la muuzaji ni hili: « Hii iko na prosesa nane. » Halafu bei inapanda. Sisi tunasema hesabu hiyo peke yake haitoshi mtu kutoa makuta ya jasho la shimoni.

Mwaka 2013 Samsung ilitoa Galaxy S4, na aina moja ya simu hiyo ilikuwa na prosesa nne kubwa na nne ndogo. Zikiamka kubwa, ndogo zinalala. Zikiamka ndogo, kubwa zinalala. Nane kwenye kartoni, nne kazini.

Mpango wenyewe si mbaya. Kampuni ya ARM ya Uingereza iliutangaza mwaka 2011: kazi nyepesi, kama kupokea ujumbe, ipewe prosesa ndogo inayokula umeme kidogo, kazi nzito, kama michezo, ihamishiwe kwa kubwa. Ila kuhama kuna gharama. Mchimbaji ukimtoa shimo moja kumpeleka lingine, anaacha vyombo vyake, anatafuta taa, anauliza mshipa wa kasiterite unaelekea wapi. Kazi ikihama prosesa ni vilevile: data iliyokuwa karibu inabidi iletwe upya. PDG anayehamisha watu kila dakika, jioni hana hata kiroba kimoja. Ndiyo maana tangu 2019 Linux, ambayo Android imejengwa juu yake, inaweza kupiga hesabu ya umeme kabla ya kuamua kazi iende wapi.

Kwetu hesabu hiyo ni ya mfukoni. Wengi tunalipa ili kuchaji kwa mwenye sahani ya jua. Simu ikizima na baba yuko kwenye karieri, mama hawezi kumwambia kama mtoto ana homa, na mnunuzi wa mali anataja bei anayotaka yeye, juu hakuna wa kumuuliza kule mjini. (Na bati la kulehemu ndani ya simu hizo linatoka kwenye kasiterite, mali tunayoichimba sisi wenyewe!)

Ziko simu za bei ya chini zenye prosesa nane, zote ndogo, za aina moja kama Cortex-A53. Kwa WhatsApp na redio zinatosha kabisa. Ubaya ni kuuziwa kwa bei ya ile yenye kubwa na ndogo.

Basi muuzaji awashe simu mbele yetu, afungue « À propos du téléphone », tusome jina la prosesa. Kwenye simu nyingi linaandikwa pale. Akikataa, duka la jirani liko wazi. Na nyumbani tuzime zile programu zinazoamka-amka bila kuitwa, juu zinaamsha prosesa hata simu ikiwa mfukoni, na batiri inaisha kabla ya jua kuzama.