Mafuta ya kupima Busi: nafuu ya leo, hasara ya mwezi

Dukani Busi, wilayani Kondoa, mafuta ya kupima yanaonekana rahisi. Piga hesabu: jumlisha vipimo vya shilingi 500 hadi ifike lita, mara nyingi utakuta umelipa zaidi ya bei ya chupa nzima. Shida ni kwamba hela ya chupa haipo kwa mkupuo.

Kondoa mjini kuna bei ya jumla, lakini kwa kilo mbili za sukari nauli inameza nafuu yote. Majirani wakichangia mfuko wa kilo 50, hapo inalipa.

Ubora? Alizeti ya hukuhuku ni tamu, ila kidumu kisicho na lebo hakikwambii yamekamuliwa lini.

Na duka la jirani linakopesha. La mjini, nani anakujua?