Tufani Haichorwi kwa Hamaki

Imeenea miongoni mwa watu wengi, na hata miongoni mwa waliobahatika kupata elimu, dhana kwamba taswira ya bahari iliyochafuka, ikiwa imechorwa kwa rangi nzito za mafuta na kwa brashi iliyokwenda kwa nguvu, ni matunda ya jazba tupu; kwamba mchoraji alishikwa na hamaki, akaitupa rangi juu ya turubai jinsi moyo ulivyomtuma, na kwa hiyo kazi ya mtazamaji ni kustaajabu tu wala si kuhukumu. Dhana hii naikataa, kwani inamdhulumu mchoraji na kumpumbaza mtazamaji.

Na tuitazame taswira mashuhuri ya namna hiyo, ile ya Mwingereza J. M. W. Turner iliyoonyeshwa katika Royal Academy, London, mwaka 1842, nayo leo imehifadhiwa Tate Britain: merikebu ya moshi imo katika dhoruba ya theluji mbele ya mlango wa bandari. Wako walioibeza zama zile kuwa ni povu la sabuni na chokaa. Na wapenzi wake wakashikilia hekaya, inayosemekana ilitoka kinywani mwa Turner mwenyewe, kwamba mzee yule aliyekaribia miaka sabini aliwataka mabaharia wamfunge mlingotini, akakaa saa nne akiikabili tufani. Hekaya hiyo haina ushahidi wa kutegemewa, na mfano wake ulikwisha kusimuliwa juu ya Mfaransa Claude-Joseph Vernet; lakini ubaya wake khasa ni kuwa wenye kubeza na wenye kusifu wamekutana pasipo kujua, maana wote wanaamini kwamba tufani ilijichora yenyewe.

Haikujichora. Chombo ni kidogo, kimewekwa karibu na kati. Moshi wa dohani yake unapinda na kukutana na theluji, mawimbi yanaupokea mzunguko ule kutoka chini, hata jicho liingialo kwa upande wowote hurudishwa mahali pamoja, penye weupe mkali nyuma ya mlingoti. Aliyeupanga mzunguko huo alikuwa mwalimu wa elimu ya umbali na mtazamo katika Royal Academy kwa zaidi ya miaka ishirini. Tena rangi ya mafuta haikauki kama chokaa ya ukutani, bali hukauka polepole kwa kushikana na hewa, na tabaka nene huweza kukaa siku nyingi kabla ya kukubali nyingine juu yake. Basi pale uonapo weupe umepita juu ya hudhurungi pasipo kuchanganyika nayo, jua kwamba mkono ulingoja, na mwenye hamaki hangoji.

Sisi watu wa pwani tusingepaswa kufundishwa jambo hili. Mshairi Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi zama moja na Turner, alitunga katika vita na fitina, wala ukali wa maneno yake haukumfanya aache mizani 16 za mshororo wala vina vyake. Na hakuna aliyewahi kudai kwamba hesabu hiyo ilimpunguzia moto.

Na kwa kuwa taswira ni uamuzi, yaweza kukosolewa. Turner aliipa kazi yake jina refu mno, lisemalo kwamba merikebu inatoa ishara katika maji haba, ikienda kwa bildi. Yaani katikati ya ghasia ile yuko mtu anayepima kina. Fikira hiyo ni tukufu, walakini haimo katika rangi. Ajuaye wimbi la mwambani na wimbi la kilindini ataitafuta dalili ya maji haba asiione wazi, wala mlango wa bandari hauonekani. Hatari yenyewe tumeisoma, hatukuitazama. Kisha jina hilo laongeza kuwa mwenye kuichora alikuwamo katika dhoruba, usiku ule merikebu Ariel ilipotoka bandari ya Harwich, na hayo hayajapata kuthibitishwa. Lau angelikomea kwenye bildi, angelituachia neno la kutufunza namna ya kuitazama kazi yake. Kwa kujiingiza mwenyewe chomboni, aliwapa hoja wale wanaomnyima hadi leo sifa ya akili yake.