Sifa za Ziwa na Wasiotajwa
Wapo wamsifuo Geoffrey Spicer-Simson, afisa wa jeshi la majini la Uingereza, kuwa ndiye mshindi wa Ziwa Tanganyika. Ni kweli, aliiteka Kingani Desemba 1915, akaizamisha Hedwig von Wissmann Februari 1916. Lakini Goetzen, meli kubwa iliyounganishwa Kigoma, hakuikabili. Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916. Tena boti zake mbili, Mimi na Toutou, zilivushwa milima ya Kongo kwa jasho la mamia ya Waafrika waliofyeka njia na kuvuta kamba. Majina yao yako wapi? Punda afe, mzigo wa bwana ufike! Mshairi asimamapo ufukweni Kibirizi, jirani na Kigoma, kati ya mitumbwi na dagaa, awatungie hao kwanza. Afisa ameshasifiwa mno.