Banda la Bustani na Fedha Zilizotangulia Ukuta

Mtu ashukaye katika kiwanja cha ndege cha Bangboka akashika njia ya kuingia Kisangani, mwendo wa kilomita 17 hivi, akipishana na vijana wa toleka waliopakia juu ya baiskeli zao matofali ya kuchoma, mikungu ya ndizi, na mara nyingine mlango mzima pamoja na fremu yake, atakuta kando ya njia bustani ndogo ya mtaa, ambayo banda lake la kupumzikia lilibomolewa kwa minajili ya kujengwa jingine lililo bora. Na hilo jingine, hata niandikapo maneno haya, ni nguzo nne zisizo na paa. Mbele ya nguzo hizo pamesimamishwa ubao wa bati uliopakwa chokaa, umeandikwa jina la kazi, jina la mjenzi na muda wa miezi 6. Na pale ilipostahili kuandikwa gharama pana neno "Gharama" na nukta mbili, kisha weupe mtupu.

Nilimwuliza mwashi niliyemkuta ameketi kivulini, ndoo yake imefunikwa kifudifudi, hesabu ile ni kiasi gani. "Mzee," akanijibu kwa adabu, "hesabu iko kwa wakubwa. Sie tunalipwa kwa siku, na siku zenyewe juma hili zilikuwa mbili." Akanionyesha nondo zilizochomoza juu ya nguzo, akazikwangua kwa ukucha, na kutu ikabanduka kama ganda la samaki. Nikamwuliza habari za mabati ya banda la zamani, ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nikijikinga mvua chini yake tangu ujana, akacheka tu. Baadaye nilikuja kufahamu kwamba katika makadirio, yale tuyaitayo devi, gharama ya kubomoa haikuandikwa wala thamani ya vitu vilivyobomolewa haikuandikwa, kana kwamba jengo kuukuu huyeyuka lenyewe usiku.

Jambo hili ni dogo, nakiri, na aghalabu wakubwa hawapendi kusumbuliwa kwa mambo madogo. Walakini mji wetu umekwisha kuona lile lile kwa kipimo kikubwa. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliihukumu Uganda kuilipa nchi yetu dola milioni 325 kwa madhara ya vita, kwa mafungu matano ya milioni 65 kila mwaka. Na katika madhara hayo zimo zile siku sita za Juni 2000, wakati majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana ndani ya Kisangani, wakafa raia zaidi ya 760 kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa, na nyumba zaidi ya 4,000 zikaharibiwa. Ukaundwa mfuko wa kugawa fidia hiyo, uitwao FRIVAO, makao yake yakawekwa hapa hapa. Kisha, madhali jela yetu ya zama za Wabelgiji imesongwa na watu kupita kadiri yake, ikaonekana ni lazima kujenga nyingine. Na katika fedha za mfuko ule zikatolewa zaidi ya dola milioni 19, zikatiwa katika akaunti ya kampuni moja, ilhali jela haijasimama. Waziri wa Sheria, Constant Mutamba, akashutumiwa kwa fedha hizo, akajiuzulu Juni 2025, na tarehe 2 Septemba ya mwaka huo Mahakama ya Kasasheni ikamhukumu miaka mitatu ya kazi za sulubu kwa ufujaji. Yeye mwenyewe alikana shutuma hizo tangu mwanzo hata mwisho.

Magazeti yalishughulika sana na mtu, na mtu anafurahisha kuandikwa. Mimi lililonishughulisha ni mfuatano wa mambo: fedha zilitoka kwanza, na ukuta ukangojwa. Maana Sheria namba 10/010 ya tarehe 27 Aprili 2010 imekwisha kuweka wazi kwamba kanuni ni zabuni ya wazi, na kwamba makubaliano ya ana kwa ana, ambayo watu wa ofisini huyaita gré à gré, ni jambo la nadra linalotaka idhini mahsusi. Na yupo mdhibiti wa kabla na mdhibiti wa baada, kila mmoja na muhuri wake. Hatuna uhaba wa mihuri. Tulichokosa ni kawaida ya kumlipa mtu kwa kadiri ya kazi iliyokwisha kuonekana kwa macho na kupimwa kwa kamba.

Wala si jambo geni katika maporomoko haya ya mto watu kugombana juu ya nani atangulize nini. Mwaka 1887 huko Unguja, Tippu Tip, aliyekuwa anafanywa liwali wa Stanley Falls, alipatana na msafiri Stanley kumletea wapagazi 600, na baruti ikawa juu ya Stanley. Wapagazi wakachelewa, mzungu akasema amehiniwa, Mwarabu akasema baruti haikufika kama ilivyosemwa, na watu wa Stanley walioachwa Yambuya wakingoja wapagazi hao wakafa kwa maradhi na njaa huku kila upande ukishikilia maana yake ya sharti lile. Hati ilikuwepo. Haikueleza tu ya kwamba kipi kikikosekana, kipi kisimame.

Nitaambiwa, na kwa insafu, kwamba mjenzi wa hapa hana rasilimali, benki haimkopeshi, na kwamba ukimnyima malipo ya kutangulia hataweza kununua hata mifuko kumi ya saruji. Ni kweli. Saruji yetu ikipanda na majahazi kutoka Kinshasa hukata mto kilomita 1,700 na zaidi, na maji yakipungua bei hupanda kabla mjenzi hajachanganya zege. Kwa hiyo devi isiyo na fungu la mabadiliko ya bei ni devi ya uongo tangu siku ya kutiwa sahihi, na mjenzi mwaminifu ndiye atakayeumia nayo, kwani asiye mwaminifu atapunguza nondo. Lakini dawa yake si kumkabidhi mtu nusu ya mali kwa mkono mmoja. Mji na ununue wenyewe saruji, nondo na mabati, uviweke ghalani kwa daftari, na mjenzi alipwe ufundi kwa hatua: msingi ukipimwa, alipwe, nguzo zikipimwa, alipwe, paa likifunga, alipwe, na sehemu ibakizwe mpaka mvua za msimu mmoja zipite juu yake pasipo kuvuja.

Wenzetu wa Tanzania wameziweka zabuni zao za serikali katika mfumo mmoja wa intaneti uitwao NeST tangu mwaka 2023, na katiba ya Kenya, ibara ya 227, imefanya ushindani na uwazi kuwa sharti la ununuzi wa umma. Sisi, ambao umeme wenyewe hutuzimikia bila taarifa, tuanze na ule ubao wa bati. Rangi nyeusi ya kopo moja yatosha kuandika gharama, tarehe ya kila malipo na hatua iliyolipiwa, na kila apitaye na toleka asome huku anakanyaga.

Baraza litakapoketi juu ya bajeti ijayo, bila shaka litaletewa ombi la nyongeza kwa banda lile lile. Naomba kabla ya kupiga kura aitwe yule mwashi, aulizwe nguzo ya tatu ina nondo ngapi ndani yake na zina unene gani, maana ndiye aliyezifunga, na mpaka nilipoonana naye hapakuwa na mtu wa ofisi yoyote aliyekuwa amemwuliza.