Una bando la WhatsApp. Je, una intaneti?

Hii huenda imekukuta: umejiunga bando la mitandao ya kijamii, mtu anatupia linki ya habari kwenye grupu, unaibonyeza, haifunguki. WhatsApp inafanya kazi. Facebook inafunguka. Ila ile tovuti, hapana. Inabidi ununue bando jingine.

Wengi tunaliona kama suala la bei tu. Lakini kwenye linki hiyo isiyofunguka kuna swali zito: nani anaamua uone nini mtandaoni?

Mpango wa mwanzo ulikuwa huu

Mwaka 1989 Mwingereza Tim Berners-Lee, akiwa kwenye kituo cha utafiti cha CERN huko Uswisi, alipendekeza mfumo wa kurasa zinazounganishwa kwa linki. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN ikautoa bure kwa dunia nzima. Huombi ruhusa, hulipi ada ya kuutumia. Unafungua tovuti yako, na yeyote mwenye kivinjari, iwe Chrome au Opera Mini, anaifikia.

Programu za simu zina utaratibu mwingine. Kwa kawaida kwanza inapaswa kukubaliwa kwenye duka la Apple au la Google, na mauzo yanayofanyika ndani yake yanaweza kukatwa hadi asilimia 30. Mwaka 2020 kampuni ya Epic Games iliweka njia yake ya malipo kwenye gemu la Fortnite. Apple na Google wakalitoa dukani, kesi zikaanza.

Linki inabanwa taratibu

Weka linki kwenye maelezo ya picha yako ya Instagram. Haibonyezeki. Ndiyo maana kila mfanyabiashara anaandika “linki iko kwenye bio”.

Sababu ni pesa. Mitandao hii inaishi kwa matangazo, na ukitoka kwenda kwenye tovuti ya mtu, hawana tena wa kumuonyesha matangazo. Kwa hiyo kila kitu kimepangwa uendelee kuskroli humohumo.

Madhara yake yalionekana Canada. Agosti 2023 Meta iliondoa habari za vyombo vya habari kwenye Facebook na Instagram nchini humo, ikipinga sheria iliyotaka kampuni hizo zilipe vyombo hivyo. Mwezi huohuo moto wa nyika ukawalazimisha wakazi wa mji wa Yellowknife kuhama. Watu wanakimbia moto, na kwenye Facebook hawawezi kutumiana linki ya habari. Wengine wakaishia kuposti picha za skrini.

Ya bure ina bei yake

Kwetu habari ilianza na ofa. Mwaka 2013 Facebook ilizindua Internet.org, mradi wa kuwapa watu wa nchi maskini huduma chache za mtandao bila kulipia data. Mwaka 2014 ulifika Zambia, kisha Tanzania na Kenya. Baadaye ukaitwa Free Basics.

Tuseme ukweli: mabando ya bei nafuu yamesaidia. Mama lishe anapokea oda kwa WhatsApp, fundi nguo anaonyesha mishono yake Instagram. Hakuna aliyewalazimisha, na bila bei hizo pengine wengi wao wasingekuwa mtandaoni kabisa.

Tatizo ni kwamba mlango ukizoeleka, watu wanasahau kuna nyumba. Mwaka 2015 jarida la mtandaoni la Quartz liliripoti utafiti ambapo asilimia 65 ya waliohojiwa Nigeria walikubali kwamba Facebook ndiyo intaneti. India waliona hatari hiyo. Februari 2016 mamlaka yao ya mawasiliano ilipiga marufuku kutoza bei tofauti za data kulingana na tovuti au programu unayofungua, na Free Basics ikaondoka.

Mlango mmoja ni rahisi kuufunga

Julai 2018 Uganda ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kutumia Facebook, WhatsApp, Twitter na mitandao mingine. Hiyo iliwezekana kirahisi kwa sababu maisha ya mtandaoni ya watu yalikuwa yamebanana kwenye orodha fupi ya majina. Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, Facebook ikafungwa.

Mwenye mtandao naye anaweza kuzima bila kutaka. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, WhatsApp na Instagram zilipotea kwa takriban saa sita, dunia nzima. Aliyekuwa na duka lake lote humo alikaa akisubiri.

Ni kweli tovuti nazo hufungiwa. Uganda hiyohiyo ilizima intaneti yote siku za uchaguzi ule. Tofauti iko kwenye umiliki. Kampuni inayohifadhi tovuti yako ikikuangusha, unahamia nyingine na anwani yako inabaki ileile. Akaunti ikifungwa au kudukuliwa, huwezi kuwahamisha wafuasi 20,000. Na mtandao wenyewe unaweza kufa: Google+ ilifungwa Aprili 2019, na mwaka huohuo MySpace ilikiri kupoteza nyimbo ambazo watumiaji walikuwa wamezipakia kwa miaka 12.

Sasa na akili mnemba

Mei 2024 Google ilianza kuweka majibu ya akili mnemba juu ya matokeo ya utafutaji, kwanza Marekani. Jibu linatokana na tovuti za watu, lakini ukishalisoma huna haja ya kuzifungua. Kwa Kiswahili hili lina uzito zaidi. Tovuti zetu ni chache. Zikikosa wasomaji zitafungwa, na mashine hizo zitabaki na Kiswahili kidogo zaidi cha kujifunzia.

Wewe ufanye nini?

Ukifanya biashara: weka orodha ya namba za wateja wako nje ya mtandao wowote. Nunua anwani yako mwenyewe, .co.tz au .co.ke, hata kama tovuti ina ukurasa mmoja wa bei na namba ya simu. Instagram iwe bango la kuita watu, stoo iwe kwako.

Ukiwa msomaji: tuma linki badala ya picha ya skrini, ili mwenzako aone nani ameandika na lini. Hifadhi tovuti unazoziamini kwenye kivinjari chako.

Na swali la kuwauliza wasimamizi wa mawasiliano, TCRA kwa Tanzania na CA kwa Kenya, ni rahisi: kwa nini MB moja ya WhatsApp iwe na bei tofauti na MB moja ya tovuti ya shule, ya hospitali au ya gazeti? India walilijibu miaka mingi iliyopita.